Nimezunguka Mpanda nzima kutafuta vimaua vya barazani, na kilichonituma ni wivu

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo nawasalimu.

Mimi humu ni mtu wa kusoma, kuandika ndio naanza leo. Ninayoyaleta yamenitokea mwenyewe, na waliohusika wapo hai, mtaa mmoja na mimi. Nikidanganya nitaumbuka kesho asubuhi nikitoka tu getini. Anayetaka kusema ni chai aje Makanyagio nimuonyeshe kwa macho.

Nianzie mbali kidogo mjue anayeandika ni mtu wa namna gani.

Mwaka 1977, nikiwa na miaka kumi na moja, baba yangu alifariki kule kwetu Usukumani. Shule ikaishia darasa la tatu. Baba mdogo akanichukua, tukaswaga ng'ombe kuja huku Mpanda. Ng'ombe karibu zote ziliisha kwa mbung'o. Baba mdogo akarudi kwao, mimi akaniacha Kabungu kwa mkulima wa tumbaku.

Nililala kwenye bani la kukaushia tumbaku, moshi na mimi, mimi na moshi. Kazi yangu ilikuwa kitalu. Kumwagilia asubuhi, kumwagilia jioni, kufunika na nyasi, kufunua. Hiyo ndio sekondari yangu na ndio chuo changu.

Pale Kabungu niliomba chumvi kwa mtu, akanijibu neno ambalo siliandiki hapa. Tangu siku hiyo mimi siombi. Nikitaka kitu nanunua. Kama hela haipo, nasubiri mpaka iwepo. Nimefika hapa nilipo hivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye mada.

Nimejenga Makanyagio. Sio kujisifu, ila ndio nyumba inayoonekana kuliko zote mtaa ule. Bati la rangi, vigae mpaka nje barazani, geti la chuma. Fundi alinijengea mbele ya baraza masanduku mawili marefu ya tofali, akasema, "Mzee, haya ni ya maua, nyumba za kisasa ndio zinavyokuwa." Nikamwambia jenga.

Yakakaa hivyo hivyo na udongo mkavu. Kuku wakawa wanatagia humo.

Ng'ambo ya barabara, tunatazamana kabisa, anakaa jirani yangu Kasiano. Huyu ni Mbende, mzaliwa wa huku huku, mstaafu wa reli. Mke wake alishafariki. Nyumba yake ni ya zamani, bati lina kutu, ukuta mmoja una ufa unaoingia kidole.

Lakini baraza lake, wakuu.

Ana vyungu, ana makopo ya rangi, ana sufuria zilizotoboka, mpaka kikaango. Kila kimoja kina kijimea chake. Kuna vyenye majani manene kama vidole vya mtoto mchanga, ukibonyeza unahisi maji ndani. Kuna vilivyojikunja kama ua la waridi ila ni majani matupu. Kuna vinavyoning'inia kama shanga za kijani. Vidogo vidogo vyote, hakuna kinachofika magotini.

Watu wanasimama kuangalia. Bibi harusi mmoja wa mtaani walimleta kupigia picha pale, nyumba yangu ya vigae wameipa mgongo.

Hilo ningelivumilia. Lakini Krismasi binti yangu Doto alikuja kutoka Dar, nikamwambia mwanangu piga picha na nyumba ya baba yako. Akapiga moja. Kisha akavuka barabara, kule akapiga mpaka simu ikaisha chaji.

Na hilo pia ningelivumilia. Ambalo sikuweza ni la mke wangu.

Mke wangu ni mama Kulwa, tumeoana tukiwa hatuna hata kitanda. Akitoka kusali jumuiya, badala ya kuja nyumbani, anapitia kwa Kasiano. Anakaa kwenye kigoda pale katikati ya vile vyungu. Anachokonoa udongo, anang'oa majani makavu, wanaongea. Mimi niko kwangu kwenye kiti cha kuegemea, naona kila kitu, ila maneno siyasikii. Nasikia kicheko tu.

Mtu asikwambie wivu ni wa vijana. Kijana mwenye wivu anagombana, yanaisha. Wa uzee unakaa nao barazani unakunywa nao chai.

Siku moja nikamuuliza, "Huko kwa Kasiano kuna nini?"

Akasema, "Kuna maua."

Basi. Mwanaume nikaamua maua yatakuwepo na huku, tena mengi kuliko yake.

Nikaenda sokoni. Hakuna. Nikaenda kwa wauza miche wa pembeni ya barabara, wa kwanza akanionyesha miembe, miparachichi, mikaratusi. Nikamwambia nataka vidogo, vya kukaa vidogo. Akaniangalia.

"Mzee, mti usiokua unautakia nini?"

Nikaenda Kawajense, nikaenda Nsemulwa. Mama mmoja muuza mchicha ndiye aliyeniambia ukweli. "Hivyo huku hakuna anayeuza, baba. Tunaombana. Unakiona kwa mwenzio, unamwambia nikatie kidogo, anakukatia. Nawe kwako wakija wanaomba."

Nikamuuliza, kwa hiyo hata mwenye hela hauziwi? Akasema atauziwa na nani.

Wakuu, nimenunua trekta bila kumbembeleza mtu. Leo kijimea cha kujaa kiganjani, naambiwa nikaombe. Na aliye navyo vingi mji huu ni Kasiano. Nikasema labda nife.

Nikachukua pikipiki mpaka porini njia ya Sibwesa, kwenye mawe. Kuna mashubiri ya mwitu kule, majani manene, nikasema si ndio haya haya. Nikachimba, yakanichoma mikono yote, nikajaza kiroba. Nikapanda sanduku la kwanza.

Mama Kulwa alitoka ndani akasimama.

"Baba Kulwa, haya ni maua au tunazuia fisi?"

Jioni hiyo nikayang'oa.

Nikampigia Doto. Kule Dar hivi vitu vinauzwa barabarani, vimepangwa kama vitumbua. Akaninunulia, akafunga kwenye boksi, vikaja na basi. Nilivipokea stendi mwenyewe, sikumwachia mtu. Kilichonifurahisha ni kwamba vilikuwa vizuri kuliko vya Kasiano, vingine vina ncha nyekundu.

Nikapanda. Na kupanda najua, tusidanganyane, kitalu ndio kimenilea. Nikachanganya udongo na samadi ya kutosha kutoka zizini. Nikafunika nyasi juu, na miiba pembeni mbuzi wangu wasiguse. Asubuhi namwagilia, jioni namwagilia, na kwa jua la Mpanda mchana nikawa naongeza kidogo.

Kasiano akiwa kwake akapaza sauti, "Jirani, maji hayo yanatosha." Nikaona huyu ameanza kuogopa. Nikaongeza.

Najua vijana humu mshaanza kucheka. Chekeni.

Vilianza kunenepa, nikafurahi. Kisha vikawa na rangi ya maji. Kisha ukikigusa kinaachia, kama parachichi lililosahaulika kwenye mfuko. Mwisho nikafunua nyasi nikakuta uji. Mche wa tumbaku ungenishukuru kwa matunzo yale. Hivi vilikufa vyote, hakikubaki hata kimoja.

Mama Kulwa aliuona uji ule. Akavuka barabara akaenda kukaa kwenye kigoda chake.

Baadaye kukatokea msiba upande wa wifi yake, Karema. Akaenda, akakaa kule siku kadhaa. Mimi nikabaki na baraza langu na masanduku yangu ya uji. Naangalia ng'ambo, naona Kasiano anatoka, anasikiliza redio, anaingia ndani. Vile vyungu havigusi. Hata kuvitazama havitazami.

Nikasema, mtu gani huyu, anajulikana kwa kitu ambacho hata hakijali.

Nikavaa koti nikavuka barabara. Sijui nguvu niliitoa wapi. Nadhani nilichoka kukaa peke yangu.

"Baba Kulwa," akasema, "karibu kiti."

"Sijaja kukaa."

"Haya, sema umesimama."

Nikamwambia, "Nimekuja kuomba. Nikatie hivi vimaua vyako, hata kidogo."

Hakucheka, hilo nampa haki yake. Akazima redio.

"Vyangu ni hivyo viwili hapo kwenye ndoo, alivipanda marehemu. Hivyo nakukatia sasa hivi. Hivi vingine vyote ni vya mama Kulwa."

Nikamwambia rudia.

"Ni vya mkeo. Anaviomba kwa masista, kwa manesi kule kota, anakuja kuviweka hapa. Mimi nimetoa baraza tu. Nikikukatia bila yeye kujua atanipiga na hicho kikaango."

"Kwa nini aviweke kwako?"

"Kwako mbuzi wanakula. Na mwenye mbuzi anasema nyumbani kwake hakikai kisicholiwa. Ndivyo alivyoniambia, mimi sijaongeza."

Hilo neno ni la kwangu. Nalisema, na hata leo nalisema, mtu aliyewahi kulala njaa hawezi kuona udongo mzuri akapanda kitu cha kuangalia.

Nikarudi kwangu. Mtadhani wivu uliisha. Ndio kwanza ulikua. Mwanzo nilimwonea wivu Kasiano kwamba ana maua. Sasa nikamwonea wivu kwamba ana maua ya mke wangu. Mikono ya mke wangu imejaa baraza la mtu mwingine, kwangu hakuna hata alama ya kidole chake nje pale. Ndani ndio, jikoni ndio. Nje pale panapoonekana na watu, hapana.

Mama Kulwa aliporudi alikuja na samaki wakavu wa ziwani, migebuka. Nilimwacha akae, nikamletea maji. Akanitazama vibaya kwa sababu sina tabia hiyo.

"Mama Kulwa, naomba maua."

Akaendelea kufungua mzigo. "Maua gani?"

"Yako. Yaliyo kwa Kasiano."

Mikono ikasimama. "Nunua. Si ndio kawaida yako?"

"Nilinunua yakaoza."

"Nilikuona ukiyazamisha. Nikasema nani mimi nimwingilie bwana kitalu."

"Ungeniambia."

"Uliniuliza?"

Akapanga samaki wote kwenye ungo, polepole, kisha akasema, "Wewe unataka maua yaje huku, au unataka mimi nisiende kule?"

Hapo ningeweza kuongopa. Nikamwambia, "Yote mawili. Ila hasa hilo la pili."

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba Kulwa, una wivu? Na wajukuu wote hawa?"

"Ninao."

"Wa Kasiano? Kasiano anayelala saa moja jioni kama kuku?"

"Hata akilala saa tisa mchana, baraza lake ndilo unalokaa."

Akaacha kucheka. Akasema, "Mbuzi kwanza."

Kesho yake nilianza uzio. Mbuzi zangu zote zikahamia nyuma, kwa mara ya kwanza tangu nijenge. Alikagua mwenyewe, akatikisa nguzo moja moja.

Halafu alivuka barabara, nikadhani anarudi na vyungu. Akarudi na jani moja. Jani moja, wakuu, la kuweka kwenye ukucha. Akalilaza juu ya udongo mkavu wa sanduku langu, udongo aliouchanganya na mchanga, akasema, "Usilimwagilie mpaka nikwambie. Hata likikutazama."

Mimi ni mtu wa kumwagilia. Ile kazi ya kukaa bila kufanya kitu ilinishinda kuliko kulima. Nilikuwa naweka mikono mfukoni.

Likatoa mizizi kama nyuzi, halafu pembeni kikachomoza kitoto. Siku alipokiona, aliporudi kutoka jumuiya alikuja na chungu kimoja mkononi. Wiki nyingine akaja na viwili. Alivivusha kwa muda wake mwenyewe, mimi sikuharakisha.

Vingine kaviacha kule. Nilimuuliza, akasema, "Mtu katutunzia miaka yote hii, tumwachie baraza kavu?" Ana haki. Lakini nimeahidi ukweli, vile vilivyobaki kule bado vinaniuma.

Funzo langu ni fupi. Kabla hujaagiza kitu Dar, muulize mkeo kama anacho. La pili, hivi vimaua vya majani manene maji yake vimejibebea vyenyewe, ukiviongeza unaviua. Na ukivitaka Mpanda, acha kuzunguka maduka, sema "nikatie". Neno haliui, nimelisema na nipo.

Nyie wenye uzoefu nisaidieni. Kuna kimoja kinarefusha shingo kuelekea upande wa barabara na majani yanaachana. Ni jua kinatafuta au ni ugonjwa? Na wanawake wa humu, semeni kweli, mnavyo vitu vyenu mmevihifadhi kwa majirani?

Niliyekuja na fimbo ya kuswagia ng'ombe, leo nina hivi:

Nyumba ya Makanyagio na nyingine Kabungu.

Mashine ya kusaga.

Trekta, moja, linadai matairi.

Shamba la mpunga Sibwesa.

Ng'ombe, idadi yake Msukuma hasemi.

Mbuzi, wako uzioni.

Mke mmoja.

Masanduku mawili ya maua. Tofali na udongo ni vyangu, maua ni yake.

Naandika haya tumekaa barazani, yeye anang'oa majani makavu. Kiti changu nimekisogeza upande wa kushoto kidogo, ili akiinua macho kuangalia ng'ambo, anione mimi kwanza.