Nywele Zilizoota Mdomoni mwa Baba

Baba yangu aliota nywele mdomoni. Si kidevuni. Ndani kabisa, pembeni mwa ulimi.

Mtaani kwetu hapa Ibadan wakasema karogwa.

Karogwa wapi! Saratani ililila taya lake la kushoto. Madaktari walilikata, pengo wakaliziba kwa ngozi na nyama ya kifua chake. Na kifua cha mzee Lamidi kilikuwa msitu. Nyama ikahama na nywele zake.

Kila Ijumaa nilizipunguza kwa mkasi mdogo. Huku nakata, huku namsema.

Maana aliporudi kutoka kwa daktari wake, Dokta Osagie, kabla ya upasuaji, alinieleza mwenyewe kwamba kapewa njia mbili. Wachukue mfupa mguuni, wamtengenezee taya, atafune tena. Au nyama ya kifua: inaziba tu, uso unabonyea, na atakunywa uji maisha yake yote.

"Nimechagua kifua," akasema.

"Baba! Mfupa je?"

"Abosede, mguu wangu niachie. Mcheza ngoma bila mguu ni nani?"

Nilichemka. Nina mimba ya miezi mitano, natapika, na mzee wa miaka sitini na nane anawaza kucheza!

Na kweli alicheza. Siku tuliyompa mwanangu jina, baba aliingia katikati, shavu limebonyea, mate yanamchuruzika. Wageni wakatazama pembeni.

Nikamvuta mkono. "Baba, kaa chini. Unatutia aibu."

Alifuta mate. Akakaa.

Mwezi uliofuata tulimzika.

Nilikwenda kumshukuru daktari, mtoto mgongoni.

"Angalau miezi ile hakuimalizia kitandani," akaniambia.

"Miezi gani?"

Akanitazama. "Hakukwambia? Ugonjwa ulishafika kwenye mapafu. Tulimpasua kumpunguzia maumivu tu. Mguu ungemlaza muda mrefu. Akaniambia, 'Dokta, mjukuu wangu yuko njiani, nataka nimchezee nikiwa nimesimama. Mwanangu asijue, atalia na mimba ile.'"

Nikakaa palepale sakafuni.

Alikuja kumchezea mwanangu. Mimi ndiye niliyemkalisha.

Jamani, mgonjwa wako akichagua jambo usilolielewa, usimkaripie. Muulize taratibu amebakiwa na siku ngapi, kisha mwache azitumie.