Mwangaluka ya Saa Kumi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msiwe na haraka. Mimi shule niliishia darasa la nne nikarudishwa shambani, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Mkiona herufi imekosewa, rekebisheni kimya kimya. Sibishanii herufi hapa.

Mjukuu wangu, mtoto wa marehemu mwanangu, alisubiri ajira ya unesi hadi tukachoka kuulizwa habari zake. Alipoipata, hapa hapa Bariadi, wakampanga wodi ya watoto, zamu ya usiku. Akaja kukaa kwangu.

Kumekucha anashushwa na bodaboda, anaoga, anakunywa chai na michembe kidogo, vile viazi vilivyokaushwa, anaingia kulala. Ila usingizi wenyewe ulikuwa wa kubembeleza. Mabati yanawaka moto, jirani anasagisha mahindi, watoto wa mkwe wangu, mke wa mwanangu mwingine, wanarukaruka juu ya viroba vya pamba chumba cha pili. Alitundika vitenge viwili dirishani, bado mwanga ukapita. Akisinzia, anashtuka na kuniita.

"Bibi, nani analia?"

"Hakuna anayelia. Lala."

Akaanza kukonda. Ukimsemesha, anakuitikia kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Wakati huo wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, alikuwa amekuja kutoka Lalago kutibiwa mguu. Ndiye aliyenipokea siku niliyoolewa. Neno lake ndani ya nyumba yangu lilikuwa juu ya langu. Alipomwona binti amelala jua la utosi, akaniuliza kama anaumwa.

"Haumwi, wifi. Anafanya kazi usiku."

"Anayetembea usiku akalala mchana namjua mmoja tu. Fisi."

Mkwe wangu akacheka. Aliponitazama usoni, akaacha.

Sasa kwetu Wasukuma, salamu si kitu cha kurushiana mlangoni. Binti anapiga magoti. Asubuhi anasema mwangaluka, jua likishapinduka anasema mwadila, na mkubwa anaitikia kwa kituo. Kwa hiyo kila mgeni aliyefika kumjulia wifi hali, wifi alimtuma mkwe: "Kamwamshe aje asalimie. Au ukoo wetu siku hizi ni wa wazungu?" Mkwe anaenda kugonga. Binti anatoka, anasalimia, anarudi kulala na halali tena.

Siku moja wakaja akina mama wa jumuiya, mnamo saa kumi za jioni. Mlango ukagongwa kama kawaida. Binti akatoka, kandambili mguu mmoja, akapiga magoti mbele ya wifi.

"Mwangaluka, bibi."

Akina mama wakaangua kicheko. "Mwangaluka! Ng'ombe wanarudi zizini, mwenzetu ndiyo kwanza kunakucha!"

"Atakayekuoa wewe atakunywa uji wa asubuhi magharibi!"

Binti hakucheka, wala hakuinuka. Kichwa kikamlemea, kikaangukia goti la wifi, lile lile bovu. Wifi akapiga yowe. Binti akazinduka, akamshika mkono, akamuuliza kwa adabu kabisa, "Samahani mama, mtoto ameshachomwa sindano?"

Kicheko kikakatika.

Nikamwinua, nikampeleka jikoni. "Nani ameshachomwa?"

Akaanza kulia. Usiku uliopita alikuwa amemchoma mtoto dawa yake, akasahau. Akavuta tena dawa kwenye bomba la sindano, akarudi kitanda kile kile. Mama wa mtoto ndiye aliyemdaka mkono: nesi, wangu umeshamchoma.

"Angekuwa amesinzia yule mama, bibi, ningemchoma mara mbili. Mtoto mdogo vile. Na leo usiku narudi kule kule."

Nikamrudisha chumbani, nikaenda kwa wageni. Nilimweleza wifi yote, wao wakisikia.

"Poleni," akasema. "Lakini mimi nisisalimiwe katika nyumba ya mdogo wangu?"

"Utasalimiwa."

Nikapiga magoti, na magoti yangu mnayajua. Nikamwambia mwadila kama siku ile ya kuolewa. Aliitikia, ila sauti yake haikuwa na furaha. Kesho yake aliomba arudishwe Lalago. Sikumzuia.

Ila jioni ile, kabla sijainuka pale chini, nilimwita mkwe na watoto wake wote wasimame mbele yangu. Nikawaambia: "Mtoto yule akiwa amelala, ule mlango haugongwi. Aje mgeni, aje padri, haugongwi. Hata nikifa mimi mchana, nifunikeni shuka, mkae kimya, mngoje aamke mwenyewe ndipo mumwambie."