Mchoma Matofali na Mkewe wa Ng'ambo ya Bonde

Mtaani bondeni kila mtu alimwita Baba Tanuru, na binti zake wawili waliitwa Mabinti Tanuru shuleni mpaka wakachoka kukasirika. Kazi yake ilikuwa kuchoma matofali. Udongo aliuchimba nyuma ya nyumba, akaukanda kwa miguu, akaufyatua kwa kibao cha mbao na kuuanika. Matofali mabichi yakishakauka, aliyapanga yakawa tanuru kubwa kama chumba, akalipiga udongo nje na kulichochea kwa magogo. Nyumba yake ilitoka humo, na nyingi za majirani vilevile. Ukiuliza mtaani nani aliyesomesha watoto, watu walikuonyesha tanuru kwa kidevu. Wanawake walilipwa kuchota maji ya kukandia kwenye kijito cha nyuma ya nyumba, vijana walibeba matofali mpaka barabarani, na mjane wa pale kona aliwauzia chai.

Mkewe alifyatua matofali pamoja naye tangu ujana. Ndivyo walivyopendana, wote wawili tope mpaka magotini, mke akimtania mumewe kwamba matofali yake yamekaa upande kama kofia ya mlevi.

Kifua kilianza kama mafua. Asubuhi moshi ulipotanda bondeni, mama wa watu alikohoa mpaka akashika ukuta. Daktari wa zahanati hakuzungukazunguka. "Mama, dawa nitakupa, lakini ukirudi kwenye moshi uleule tutakuwa tunafanya kazi bure."

Basi akahamia kwa dada yake, ng'ambo ya bonde, juu kidogo, ambako upepo hauupeleki moshi. Waliagana kama watu wanaoachana kwa wiki chache tu. Mvua zikaja, zikakatika, zikaja tena, na bado yuko kwa dada yake.

Kila siku ya mapumziko Baba Tanuru alikwenda kumwona. Alijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikawaka. Shati la safari hiyo alilihifadhi kwa fundi cherehani wa barabarani, lisije likashika harufu, na alipopita kulibadili fundi alimcheka: "Mzee, unakwenda kuposa tena?"

"Naposa kila wiki," alimjibu, "na kila wiki naambiwa nisubiri."

Lakini moshi ulikuwa umeingia kwenye nywele, kwenye ndevu, pengine kwenye damu. Akikaa karibu tu, mkewe anaanza kukohoa.

"Shemeji!" dada mtu alipiga kelele siku moja. "Umekuja na tanuru mfukoni?"

Wakacheka wote. Kisha Baba Tanuru akabeba kiti chake, akakiweka mwisho wa baraza, upande unakoelekea upepo. Mume na mke wakazungumza kwa kupaza sauti, kama watu wanaoulizana bei sokoni. Mambo mengine hayasemeki kwa sauti hiyo, wakayaacha.

"Unajua," mkewe alimwambia, "kutoka hapa nauona moshi wako. Ukipanda nasema, haya, mume wangu mzima. Usipopanda siku mbili tatu, roho haitulii. Moshi huo ulinitoa nyumbani kwangu, na ndio huohuo ninaoungoja."

Maneno hayo yalimkaa moyoni Baba Tanuru. Akawa anachochea moto huku akigeuka kutazama ng'ambo, kwenye bati linalong'aa la shemeji yake, akijiuliza kama mkewe ametokea barazani. Binti mdogo alipomaliza masomo na kupata kazi, baba mtu alichoma tanuru la mwisho. Lilipopoa na kupakuliwa, hakupanga jingine.

Wabebaji wakamjia mlangoni. Mkubwa wao alikuwa na hasira. "Baba, wewe watoto wako wameshasoma. Wetu je?"

Baba Tanuru aliwapa vibao, majembe na mapipa ya maji, wakaondoka bila kuaga vizuri. Yeye akapata kibarua cha uashi mjini, akawa anajenga kwa matofali ya watu wengine.

Alingoja mpaka nyumba ikaisha harufu, akapaka kuta chokaa, ndipo akaenda kumchukua mkewe. Mama alirudi kwa miguu, kitenge kipya kiunoni, akisalimia kila mlango. Alicheka alipoona kitanda kimetandikwa vibaya. Kisha akafungua mlango wa nyuma.

Kule kwa dada yake alikuwa akiona moshi tu. Yaliyotokea chini ya moshi huo tangu ahame hakuyaona. Sasa aliona mashimo, moja limeungana na lingine, maji ya kijani yametuama ndani na mbu juu yake. Miti yote ya kando ya kijito ilikuwa imeingia tanuruni. Kijito chenyewe kilikuwa kimebomokea mashimoni, hakijulikani kilipita wapi.

"Jiwe langu la kufulia liko wapi?"

Baba Tanuru akanyoosha kidole kuelekea kwenye maji.

Mke akaketi kizingitini. "Kule nilikuwa nikifumba macho naona wewe, na kijito kikipita nyuma yako. Sikuwahi kukuona wewe bila hicho kijito."

"Mimi nipo, mama watoto."

"Upo," alisema, akamshika mkono. Alikaa karibu naye kabisa, na hakukohoa. Lakini macho hayakutoka kule nje.

Wanaishi pamoja mpaka leo. Wabebaji waliwasha tanuru lao juu ya bonde, na upepo ukigeuka mama hufunga madirisha, na ukizidi hurudi kwa dada yake kwa siku chache. Mumewe alifukia shimo la karibu na jikoni kwa toroli, jioni baada ya kazi. Walipanda miche, mbuzi wakaila, wakapanda mingine na kuizungushia miiba. Mama huimwagilia mwenyewe. Akimaliza huinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza maji yakipita, kisha huchukua ndoo yake na kurudi ndani.