Barua Niliyoifungua kwa Mvuke wa Muthokoi

Juzi mpwa wangu alikuwa akijaza fomu ya chuo kwenye simu. Alipofika mahali pa walimu wa kumpendekeza, alibonyeza majina mawili, akarudia chai yake. Sisi kule Kasikeu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, uchaguzi huo ulitukosesha usingizi wiki nzima.

Chuo cha ualimu kilitaka matokeo yako na barua ya mwalimu mmoja. Barua iwe ndani ya bahasha iliyofungwa, na sahihi yake ipite juu ya ukingo uliogundishwa, isije ikafunguliwa njiani. Karibu wote tulimkimbilia mwalimu wa Kiingereza. Alivaa tai hata Januari jua likipasua udongo, na alikuwa na taipureta. Mwalimu wa kilimo hakukimbiliwa na mtu. Aliingia darasani na buti zenye samadi, nasi tulizoea kusema kwamba hata Kiingereza chake kinanuka zizi. Jirani yangu wa dawati peke yake ndiye aliyemwomba.

"Mwana wa mwaitu, huyo ataandika habari za mbuzi," nilimcheka. Ndivyo tulivyoitana, kama watoto wa mama mmoja, ingawa mama zetu walikuwa wawili.

"Na aandike. Hao mbuzi wananijua."

Zamu yangu ilipofika, mwalimu wa Kiingereza aliinua vidole kwenye taipureta akaniuliza, "Unaitwa nani vile?" Alikuwa amenifundisha miaka miwili.

Ijumaa hiyo mwenzangu alinipa bahasha yake, kwa kuwa kesho yake nilikuwa naenda posta ya Sultan Hamud. Ilikuwa nene kuliko yangu. Nilitembea nayo hadi nyumbani nikiipima kwa vidole. Nyanya alikuwa amebandika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa kwenye kinu, pamoja na maharagwe. Alipotoka kwenda kufunga mbuzi, niliishika bahasha juu ya mvuke wa sufuria mpaka ukingo ukaachia.

Kurasa mbili, na hakukuwa na mbuzi hata mmoja. Mwalimu alikuwa ameandika kwa mkono kwamba, mvua ilipokosa, msichana huyu alileta mtungi wa maji kutoka kwao kila asubuhi ili miche ya shule isife. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Hata mimi nilibeba mtungi! Kila asubuhi nilikuwa hatua tano nyuma yake, shingo ikiniuma kama yake.

Kisha nikaona sahihi. Mvuke ulikuwa umeigeuza doa la bluu. Chuo kisingeipokea bahasha hiyo.

Nyanya aliporudi alinikuta nimeikumbatia. Hakujua kusoma, lakini mimi alinisoma. "Macho yako yanakula sahani ya mwenzako," alisema, "na chakula chako kinapoa."

Jumamosi sikwenda posta. Nilikwenda kwa mwalimu wa kilimo, nikamkuta akinoa jembe uani, nikamweleza yote. Alilitazama lile doa, akaingia ndani, akaandika barua upya, kurasa zote mbili, mimi nimesimama mlangoni. Akasema ataipeleka posta mwenyewe, pamoja na yangu. Nilingoja kofi. Badala yake aliniuliza, "Na wewe, mbona hukuniomba?"



Mwenzangu aliitwa chuoni. Mimi sikuitwa, nikaishia kwenye ukarani. Habari ya mvuke sijamwambia mpaka leo.

Mwalimu alishafariki. Palipokuwa na miche pana bweni, na taipureta ukiitaja watoto wanakutolea macho. Barua ya mwenzangu nadhani ilisahauliwa ndani ya kabati fulani chuoni, mchwa wakaila. Bado namwonea wivu. Yake iliwahi kuandikwa na mtu aliyemjua.