Shanga za Bibi Kabugho

Bibi yetu Kabugho alikufa bila kushika ushanga hata mmoja. Naanza na hilo kwa sababu ukienda Mweya, ndani ya mbuga ya wanyama, katika hoteli moja iliyo juu ya maji, utakuta kadi ndogo chini ya mikufu, na kadi hiyo inasema kwamba yeye ndiye aliyeibuni. Bibi alilima mihogo na kusuka majamvi. Nilikaa kwake mpaka nilipoacha shule katika darasa la sita, kwa hiyo namjua.

Mimi ni Kosiya Bwambale. Nakaa Bwera pamoja na mama yangu, chini kidogo ya barabara inayokwenda Mpondwe. Kabla ya hapo nilikaa Kabatoro miaka tisa, nikivunja mawe ya chumvi ndani ya ziwa la Katwe. Unaingia majini mpaka kiunoni, na maji yale yanakula ngozi. Miguu yangu ilipoharibika nilirudi nyumbani. Katika miaka tisa nilitoa chumvi ambayo sijui imefika wapi, na hakuna mtu aliyeila akajua ni Kosiya aliyeitoa. Sikulalamika. Chumvi ndivyo ilivyo.

Loyi ni binti wa mjomba wangu, marehemu kaka yake mama. Nyumba yake na yetu zimeachana kwa mgomba mmoja na choo. Yeye alikuwa anafuma kroshia tangu akiwa msichana: vitambaa vya viti, vifuniko vya jagi vyenye shanga pembeni ili upepo usivipeperushe. Alikuwa akiuza sokoni Mpondwe Jumanne na Ijumaa. Baadaye Hamidah, mwenye duka la nyuzi mjini, alimwonyesha mkufu wa shanga uliofumwa kwa kulabu, mviringo kama kamba, na Loyi akataka kuufanya. Akashindwa. Hakushindwa na kulabu, alishindwa na kutunga.

Maana kazi yenyewe iko hivi. Kabla hujashika kulabu, lazima shanga zote za mkufu mzima ziwe zimeshaingia kwenye uzi, moja baada ya nyingine, kwa mpango wa rangi. Na unatunga kinyume: ushanga unaoingia kwanza ndio utakaofumwa mwisho. Kwa hiyo anayetunga lazima aone mkufu wote kichwani, tena auone kutoka nyuma. Anayefuma anafuata tu kile uzi unachompa. Ukikosa ushanga mmoja, mstari wote unapinda. Ukizidisha mmoja, una bahati, unauvunja kwa koleo na uzi unabaki salama.

"Kosiya," Loyi aliniambia, "weye mikono yako imezoea kungoja. Nitungie."

Nikamtungia. Nilikaa nyuma ya mlango, sahani ya shanga magotini, mama akiwa kwenye kiti chake anaokota zile zinazoanguka. Vijana wa bodaboda waliponiona waliniuliza lini naolewa na mahari yangu ni mbuzi wangapi. Nikahamisha kiti ndani zaidi.

Mpango wa rangi niliubuni mimi. Asubuhi ziwa la Katwe ni jekundu kama maji ya nyama, jua likipanda linakuwa la kijivu, na kwenye kingo za vidimbwi chumvi inatoka nyeupe. Nilitunga hivyo: nyekundu, kijivu, nyeupe, rangi zikizunguka kamba na kupanda kidogo kidogo kama mtu anayetoka majini. Nilitumia miezi minne na kufumua mara nyingi. Loyi alipoumaliza ule wa kwanza aliuweka mezani, wote watatu tukautazama, na mama akasema, "Hii ni Katwe." Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Ukafuata wa pili, na pazia la mlango, na vikuku, na kifuniko cha taa. Hamidah alipiga picha akazituma kwa watu, na hivyo hoteli ile ya Mweya ikasikia. Walimwambia Loyi alete kazi zetu siku ya maonyesho, na kwamba chini ya kila kazi wanaweka kadi yenye jina la fundi na mahali anapotoka.

"Majina mawili," Loyi aliniambia. "La anayetunga na la anayefuma. Tutakwenda wote."

Sikulala vizuri wiki ile. Nilinunua shati. Sijawahi kuona jina langu limeandikwa mahali ambapo si kitambulisho au daftari la shule, na nilitaka kuliona, hata mara moja, chini ya kitu nilichofanya. Sikuwa nataka kitu kingine.

Siku mbili kabla ya safari Loyi alikuja akasema wameahirisha mpaka mwezi ujao. Nikakunja shati.

Ilipofika wiki iliyofuata, nilikwenda kwa Hamidah kununua uzi. Akanipa simu niangalie. "Mbona hukwenda? Dada yako amependeza kweli."

Loyi alikuwa amesimama katikati ya Wazungu, nyuma yake maji ya Mweya. Shingoni alikuwa na mkufu wa Katwe. Niliikuza picha kwa vidole. Upande wa kushoto, karibu na bega, mstari mwekundu ulikuwa umepinda. Niliujua ule uzi. Nilikuwa nimezidisha nyekundu moja, nikamwambia Loyi asiutumie kwanza, nitakuja na koleo.

Nilimkuta anapepeta mchele nje.

"Ulisema wameahirisha."

"Kosiya, keti."

"Nimesimama."

Aliweka ungo chini. "Walipiga simu jioni, wakasema gari inapita asubuhi. Ningefanya nini?"

"Mimi nakaa pale," nikasema, nikaonyesha mlango wetu.

"Na ungepanda ile gari? Sema kweli, ndugu yangu. Juzi mutu wa kuandika watu alikuja kwenu, ukatoka kwa mlango wa nyuma ukakaa kwenye migomba mpaka akaenda. Kule kulikuwa watu arobaini. Wanauliza kila kitu. Nani amebuni? Kwa nini nyekundu? Niwaambie fundi iko Bwera amejificha?"

"Ungesema jina tu."

"Wale hawataki jina. Wanataka bibi." Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Kule mezani kulikuwa na vikapu, vibuyu, vijiko vya mti. Kila kitu kina bibi yake. Mimi nilifika sina. Wakaniangalia. Nikasema Bibi Kabugho."

"Bibi Kabugho alikuwa analima mihogo."

"Najua alichokuwa analima."

"Na mstari uliopinda? Hawakuuona?"

Hapo Loyi aliinama akachukua ungo. "Mmoja aliuona. Nikasema bibi alikuwa anaacha ushanga mmoja wa kuzidi, wa mtoto wake aliyekufa. Yule mama wa Kizungu akatoa machozi. Sasa wanataka mikufu yote iwe nao. Nitungie ishirini, Kosiya. Na kila mmoja uache wa kuzidi."

"Lile lilikuwa kosa langu."

"Si kosa tena."

Nilimwambia sitatunga mpaka jina langu liandikwe. Akasema kadi zimeshachapwa, lakini nisiwe na wasiwasi, kuna mtu wa hoteli anakuja kumsikiliza shangazi mwenyewe, yaani mama yangu, binti wa Kabugho, ili waandike habari ndefu zaidi. Kama nina neno nitalisema siku hiyo.

Sikuona haja ya kusema neno. Mama yangu ni mzee wa kanisa. Niliwahi kumwona akirudisha yai sokoni kwa sababu muuzaji alimhesabia vibaya. Shanga zangu alikuwa anaziokota chini ya kiti chake miaka mitatu. Nilijiambia: watamwuliza mama, na mama atajibu.

Mtu wa hoteli alikuja Jumatano. Alikuwa Muganda, jina lake Semakula, mpole, viatu vyake vikiwa na vumbi la barabara. Loyi alileta soda na biskuti. Mimi nilikaa karibu na mlango, na kwa makusudi niliweka sahani ya shanga magotini, uzi ukiwa umeshatungwa nusu. Hivyo ndivyo nilivyojua kusema.

"Mama, nimekuja kuuliza habari ya mama yako," Semakula akasema.

"Mama yangu alikufa."

"Pole sana, mama. Kaburi iko hapa?"

"Lilikuwa hapo chini, karibu na Lhubiriha. Mto ulipojaa ulilichukua."

Semakula akashika simu yake ili irekodi. "Huyu dada anasema mama yako alikuwa fundi ya shanga."

"Alikuwa na mikono mizuri."

"Na hii mikufu, rangi yake, alifikiria yeye?"

Mama alinitazama. Aliitazama sahani, akautazama uzi. Alinitazama muda ambao ndani yake ningeweza kuingiza shanga kumi.

"Ndiyo," akasema. "Ni za mama."

"Na ile ushanga moja ya kuzidi, ni ya mtoto alikufa?"

"Walikufa watatu. Lakini wa kwanza ndiye alimlilia sana."

Hilo la watatu lilikuwa kweli. Semakula aliandika kwenye karatasi pia, kana kwamba haiamini simu. Kisha akanigeukia.

"Na mzee huyu?"

"Ni Kosiya, mtoto wa shangazi," Loyi akasema haraka. "Ananisaidia kutunga."

"Wewe ni mwanaume wa kwanza naona anashika shanga, mzee. Bibi alikufundisha?"

Wote watatu waliniangalia. Nikasema, "Bibi alinifundisha kupanda mihogo."

Semakula alicheka sana. Alidhani nimefanya utani, akanipiga begani. Loyi naye akacheka, na mama akachukua biskuti. Maneno yangu yalikuwa ya kweli na yalikwisha hapo.

Gari lilipoondoka, niliosha glasi, nikazipanga. Mama alibaki kwenye kiti chake.

"Ulikuwa unaokota shanga zangu," nikamwambia.

"Nilikuwa naokota. Na zote nilikurudishia."

"Kwa nini basi?"

"Wewe ulisoma mpaka darasa la sita. Nionyeshe mahali jina la mama yangu limeandikwa."

"Hakuna."

"Alilima pale miaka yote, akazaa tisa, akazika watatu. Hakuna hata msalaba. Yule kijana anasema wataliandika na wageni watalisoma. Nilisema ndiyo kabla sijafikiri. Halafu nilifikiri, nikaona sitaki kuirudisha ile ndiyo."

"Na langu, mama?"

"Wewe uko hai," akasema. "Utapata pengine."

Nilitaka kumwambia kwamba nina miaka arobaini na nane na pengine sijapaona. Lakini alikuwa ameanza kufuta macho kwa ncha ya kitenge, na mimi sijui kugombana na mtu anayelia.

Kwa Loyi sikutunga tena. Nilikwenda nikatoa nyuzi zangu za mfano zilizokuwa zimening'inia kwenye misumari ya ukuta wake, nikaziweka kwenye mkebe. Hakunizuia. Nilifikiri kazi itasimama, atakuja kubisha hodi. Hakuja. Alichukua mkufu mmoja wa Katwe akaufumua kutoka mwisho. Mkufu ukiufumua hivyo, uzi unarudi kama ulivyotungwa, shanga zote kwa mpango wake, na mtu mwenye subira anaweza kuzinakili. Hilo ni mimi niliyemfundisha. Sasa anakwenda Mweya kila mwezi kuwafundisha wake wa wafanyakazi wa mbuga, na nasikia wanatunga vizuri, kila mkufu ukiwa na nyekundu yake moja ya kuzidi.

Tunasalimiana. Akinikuta njiani ananiuliza miguu inaendeleaje, nami namjibu. Mara moja aliniletea uzi mzuri kutoka Kasese mjini, akauacha kwenye kiti. Uko bado kwenye karatasi yake.

Kabla ya Krismasi mama aliniita. Alikuwa amejifunga kitenge chake kipya.

"Kosiya, nitungie moja ya zile za mama, nivae kanisani."

Nilimwangalia usoni nione kama ameteleza ulimi. Hakuwa ameteleza. Alisema "za mama" kama mtu anavyosema "maji ya mto".

Niliutunga siku tatu. Kulabu sikuwahi kuijua vizuri, lakini niliufuma pia mwenyewe, polepole, nikifumua kila nilipokosea, na vidole vikapata malengelenge. Mama alikuwa anaokota shanga kama zamani. Hatukuongea juu ya jambo hilo. Aliniuliza tu kama shingo yake imepungua, nikampima kwa uzi, nikamwambia haijapungua.

Jumapili ile baada ya ibada wanawake walimzunguka mlangoni pa kanisa. Mmoja aliushika mkufu kwa vidole viwili, akaugeuza, akamwita mwenzake. Nilisikia wakisema kwamba huyu ndiye binti wa yule bibi wa Mweya, na kwamba wazee wa zamani walikuwa na akili. Mama alikuwa ameinua kidevu ili waone vizuri. "Ndiyo," alikuwa anawajibu, "ni mama yangu Kabugho," na akalitaja jina la bibi mara ya pili, kwa sauti, kwa yule ambaye hakusikia.

Mimi nilikuwa upande wa wanaume, nimeshika Biblia yake na fimbo, nikimngoja amalize twende nyumbani.