Picha ya Nyirarukundo Ilivyoshushwa Chini

Nyirarukundo aliuza sambaza katika bandari ya Rubona tangu mwanawe Egide akiwa mgongoni. Mtu akiniambia hiyo ni kazi ya mchezo, huwa namwomba aende akainame pale ufukweni asubuhi moja tu, kisha arudi tuzungumze. Vile visamaki ndivyo vilivyomsomesha Egide kule Nyundo mpaka akapata kiti ofisini. Mama mwenyewe hajui kusoma. Anajua kucheka, tena kwa sauti, na ana pengo la mbele ambalo hajawahi kulificha.

Mwaka 1999 Egide alinunua kompyuta kuukuu kutoka shirika moja la misaada lililokuwa likifunga ofisi yake Goma. Ilikuwa ya kwanza mtaani kwetu. Mkewe Denyse aliishonea kitambaa cha kuifunika, na sisi majirani tukawa tunapita eti kuwajulia hali, kumbe tunataka kuiona. Ndani yake Egide aliweka picha ya mama yake: amejitwika beseni la sambaza, kitenge kiunoni, pengo lote nje. Akaipanga ifunguke yenyewe kila mashine inapowashwa, na akaichagulia Agrandie, yaani dirisha lake lijae kioo kizima. Hapo nilimsifu, na mpaka leo namsifu.

Maman, kama tulivyomwita sote, alilipenda jambo hilo kupita kiasi. Kila Jumapili baada ya misa alipanda basi dogo la kuja mjini na wauza samaki wenzake. Wanaketi, mashine inapiga ule muziki wake wa kuamka, naye anajiweka sawa kilemba, kama anayepigwa picha upya. Kisha anatokea kwenye kioo, mkubwa, na sebule nzima inapiga makofi.

"Muone! Ni mi huyu!" anawaambia, kana kwamba kuna aliyebisha.

Denyse alipojifungua mtoto wa kwanza, Maman alikuja kukaa kwao ili amwangalie. Haukupita muda, ikaja habari kwamba direkta wa Egide na mkewe watakuja kuhemba. Kuhemba ni desturi yetu: unamtembelea aliyejifungua na uji, maziwa au sukari, umrudishie nguvu. Hapo hapakuwa na cha kuogopa. Lakini direkta alikuwa anatafuta mtu wa kusimamia kompyuta za ofisi, na Egide alitaka amwone akiitumia ya kwake. Basi akaanza kuitazama ile picha kwa macho ya direkta. Akaliona beseni. Akaliona pengo.

Asubuhi ya ugeni nilikuwa pale nikimsaidia Denyse kumenya viazi. Egide aliketi mbele ya kioo, akafungua mipangilio ya picha, akaiondoa Agrandie na kuweka Réduite. Dirisha la namna hiyo hufunguka, lakini hushuka papo hapo hadi ukingo wa chini wa kioo, likabaki kijisanduku chenye jina, ambacho hukioni kama hukitafuti. Nikamuuliza anamfanya nini mama yake.

"Siko namutosha," akasema bila kugeuka, yaani hamtoi. "Iko mule mule. Nimemuteremusha chini kidogo tu."

Eti kidogo tu! Nilitaka kumjibu, lakini ilikuwa nyumba yake, nikarudi kwenye viazi vyangu.

Wageni walifika mchana. Mke wa direkta alizaliwa Bukavu na Kinyarwanda kilimshinda, kwa hiyo sebuleni tulisema Kiswahili. Maman alitoka chumbani amevaa mushanana wake wa sherehe, akasalimu kwa mikono miwili, akaketi karibu na mlango. Mtoto alipoanza kulia mikononi mwangu, alinipokonya, akamtuliza mara moja.

Egide akaivua kompyuta kitambaa, akaiwasha. Muziki ukapiga. Maman akampandisha mtoto begani ili apate mkono mmoja wa kujiweka sawa kilemba. Kioo kikajaa ukurasa mweupe wa programu ya kuandikia.

Maman alingoja kidogo. "Egi," akasema, "leo mi sitoke?"

Direkta akageuka. "Anasema nini, mama?"

"Haiko kitu, directeur," Egide akadakia. "Anapenda tu kuona mashini."

"Na yeye ni nani?" akauliza mke wa direkta, kwa wema tu, maana hakuna aliyekuwa amemtambulisha.

Duniani hakuna swali jepesi kuliko hilo. Egide akakikunja kile kitambaa cha kompyuta.

"Iko anatusaidia na mutoto," akasema.

Denyse aliinamisha uso. Mimi nilihisi aibu ikinipanda mpaka masikioni, nikatafuta mahali pa kuweka mikono nisipaone. Mtu atasema si uongo, kwani kweli alikuwa anasaidia. Ndicho kilichoniudhi zaidi. Egide alikuwa amemshusha mama yake chini mara ya pili siku hiyo, na bado angeweza kuapa kwamba hajamtoa.

Maman alimtazama mwanawe. Uso ule wa kicheko ukatulia. Kisha akamgeukia mgeni.

"Ndiyo, mama," akasema kwa upole. "Mi niko musaidizi tu."

Alimkinga mwanawe, mbele ya macho yetu. Egide akaendelea kumwonyesha direkta namna ya kunenepesha herufi, lakini mshale wa kipanya ukawa unakwenda usikotakiwa. Direkta alisifu hata hivyo. Sikusikia alichosifu.

Waliposimama kuaga, mke wa direkta alimshika Maman mkono.

"We unajua kushika mutoto, kweli. Denyse akipata nguvu, njoo kwangu. Natafuta mutu wa kunisaidia na watoto."

Maman alimtazama Egide, akangoja. Sote tulingoja. Neno lenyewe lilikuwa moja na fupi, hata mtoto wa miezi kadhaa hulitamka. Egide aliangalia viatu vya direkta.

"Muulize patron wangu," Maman akasema hatimaye, akimwonyesha Egide kama bosi wake. "Yeye akikubali, mi nitakuja."

Na Egide, mwana wa Nyirarukundo, msomi wa Nyundo, akasema, "Bon, tutaangalia, madame."

Wageni wakaenda. Nilipopeleka bilauri uani nilimkuta Maman ameshavua mushanana, anaosha vyombo. Egide akaja nyuma yangu, macho mekundu, akachuchumaa mbele ya mama yake. Akamwita maman, kwa Kinyarwanda chao cha nyumbani, akamwita tena. Akasema amsamehe, kwamba picha anairudisha sasa hivi, ijae kioo kizima kama zamani. Aliona aibu kweli, hilo namshuhudia.

Maman hakuacha kuosha. Alimjibu kwa kile Kiswahili cha wageni.

"Huku nyuma unajua muzuri sana kuniita maman," akasema. "Lakini wageni walishaenda."