Betri ya Tatu ya Mkunga

Gerejini walimwita Bi Mita, kwa sababu hakugusa gari kabla ya kulipima kwa mita ya umeme. Mpaka alipofikisha miaka thelathini alikuwa akishona sare za shule. Cherehani ilipomfia, mjomba wake, fundi umeme wa magari, alimwita ajaribu kazi. "Anayeweza kutunga uzi kwenye sindano hashindwi na waya," alisema. Mafundi wengine wakacheka. Mjomba akacheka nao, lakini akamfundisha kweli. Miaka kumi na moja ikapita. Sasa mzee alikuwa na miwani mbili, moja ya kuonea karibu na nyingine ya kuitafutia hiyo ya kwanza.

Asubuhi moja mkunga wa zahanati alifika, gari lake likivutwa kwa kamba. Lilikuwa limezimika njiani akienda kwa mzazi. Akamaliza safari kwa miguu, begi kichwani, na alipofika mtoto alikuwa ameshamtangulia kufika.

"Mama mzima, mtoto mzima," alisema mkunga. "Lakini bahati haina ratiba. Hii ni betri ya tatu mwaka huu."

Mjomba aliigonga betri kwa kidole. "Alteneta imekwisha. Haiichaji betri. Tuweke alteneta nyingine."

"Nipe dakika kumi, mjomba," alisema Bi Mita.

Waliliwasha gari kwa msaada wa betri ya pembeni, kisha wakaiondoa. Bi Mita akapima kwenye betri huku injini ikinguruma: volti kumi na mbili na nusu. Ilitakiwa ifike kumi na nne.

"Si nilisema?" mjomba akauliza.

Bi Mita akahamisha ncha ya mita hadi kwenye alteneta yenyewe. Kumi na nne na nusu. Mjomba akabadilisha miwani, akasoma mwenyewe.

"Maji yapo kisimani, mtungini hayafiki," alisema mpwa wake. "Yanapotea njiani."

Alizima injini, akafungua nyaya kwenye vichwa vya betri, akaufuata kwa vidole ule waya mnene unaotoka kwenye alteneta kama anayetafuta mshono uliolegea. Chini ya kitako cha betri vidole vikasimama. Palikuwa na tepu nyeusi, na chini ya tepu palikuwa laini. Alipoikata, unga wa kijani ukamwagika. Waya ulikuwa umeungwa zamani, ukaliwa na kutu, zikabaki nyuzi chache tu.

Aliitazama tepu. Mwisho wake ulikuwa umekunjwa na kuchomekwa ndani, kama alivyofundishwa yeye siku ya kwanza kazini. Hapo gerejini ni watu wawili tu waliofunga hivyo, na yeye hakuwahi kuunga waya wa gari hili.

"Nani alifanya hivi?" mkunga akauliza.

Bi Mita akaanza kufuta mikono. Alikuwa na jibu tayari, habari ya mvua na matope, jibu ambalo lisingekuwa uongo wote.

"Mimi," alisema mjomba. "Ulipogonga kizuizi barabarani, waya ulikatika nikauunga. Nikadhani kiungo kimeshika."

"Na betri mbili nilizotupa?"

"Hazikuwa na kosa."

Mkunga akatazama saa. "Haya, ungeni vizuri. Nina mzazi mwingine mchana."

Bi Mita aliweka waya mpya, mzima, usio na kiungo. Safari hii mita ilisoma kumi na nne na nukta mbili kwenye betri. Gari likaondoka kwa nguvu zake.

"Ulitaka kunifichia kosa langu," alisema mjomba walipobaki wawili.

"Ulikuwa umesimama pale pale, mjomba. Ningesemaje?"

"Sema. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Tangu wiki hiyo mjomba hakuunga waya tena. Alipokea wateja, akawauliza gari lilianzaje kusumbua, na maswali yake yalikuwa mazuri kuliko ya fundi yeyote. Ikifika zamu ya kuinama chini ya boneti, aliita mpwa wake. Siku za kwanza Bi Mita aliona haya kupita mbele yake na mita mkononi. Kazi zilipozidi, akasahau kuona haya.

Miezi minne baadaye mkunga alirudi kubadilisha taa ya nyuma. Alimpa mjomba shikamoo, akaketi naye kwenye benchi, na wakabishana kuhusu magoti yanayouma mpaka taa ilipowekwa.